Mrangi: Mali Iko Kwenye Ngozi ya Mbegu

Katika mashamba mengi ya Msambweni, Lungalunga na Matuga, mrangi umekuwa mmea wa kawaida kiasi kwamba watu hupita kando yake kila siku bila kuujali. Watoto huvunja matunda yake yenye miiba laini na kujipaka midomo nyekundu. Mzee wa nyumba hukumbuka kwamba mbegu zake zililipa karo ya shule. Lakini siku hizi, bei inaposhuka na mirangi inapozeeka, wakulima wengine huchukua shoka na kuing'oa.

Uamuzi wa kung'oa au kubakisha ni wa mkulima mwenyewe. Hata hivyo, ni vyema uamuzi huo ufanywe na mtu anayeujua mmea wake. Somo hili linaeleza jinsi mrangi unavyokua, unavyotunzwa, unavyovunwa na unavyouzwa, na kwa nini hasara nyingi hutokea baada ya mavuno, wala si shambani.

Mmea wenyewe

Mrangi, ambao wengi huuita bixa na wengine mzingefuri, ni kichaka cha maua cha nchi za joto. Jina lake la kitaalamu ni Bixa orellana. Ukiachwa bila kukatwa hukua na kuwa mti mdogo wa mita 2 hadi 6, na mara nyingine zaidi. Majani yake yana umbo la moyo na huwa ya kijani mwaka mzima.

Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Wenyeji wa huko waliitumia rangi yake kwa karne nyingi kujipaka mwilini, kutia nguo rangi na kukolezea chakula. Sehemu ya pili ya jina la kitaalamu inatokana na Francisco de Orellana, Mhispania aliyesafiri kwenye mto Amazon mwaka 1541 na 1542. Baadaye mmea huu ulisambazwa hadi Asia na Afrika. Nchini Kenya zao hili hulimwa hasa katika kaunti za Kwale na Lamu, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza bixa nje, pamoja na Peru.

Maua ya mrangi ni ya waridi au meupe, yana petali tano, na hutoka kwa vichala kwenye ncha za matawi. Ua moja halidumu. Hufunguka asubuhi na kunyauka muda mfupi baadaye. Nyuki huyatembelea kutafuta chavua, na kwa kufanya hivyo huyawezesha kuzaa. Kwa hiyo mkulima anayepulizia dawa asubuhi wakati wa maua anaua wafanyakazi wake mwenyewe.

Baada ya ua huja tunda lenye umbo la moyo, lililofunikwa na miiba laini isiyochoma. Tunda huwa jekundu, la kijani au la manjano kulingana na aina ya mmea, kisha hugeuka kahawia likikomaa na kupasuka katika pande mbili. Ndani yake mnaweza kuwa na mbegu 30 hadi 50, kila moja ikiwa imevikwa ngozi nyembamba nyekundu yenye nta. Ngozi hiyo ndiyo inayotafutwa. Mbegu yenyewe ni kibebeo tu.

Kwa nini dunia inaitaka rangi hii

Kwenye ngozi ya mbegu kuna rangi iitwayo biksini. Rangi hiyo huchanganyika na mafuta, kwa hiyo hutumika katika siagi, majarini na mafuta ya kupikia. Viwanda pia huibadilisha iweze kuchanganyika na maji, na hapo hutiwa katika jibini, aiskrimu na vitafunio. Rangi ya machungwa ya jibini ya Cheddar inayouzwa Marekani na ile ya Red Leicester ya Uingereza hutokana na mbegu hizi. Vipodozi na sabuni pia huitumia.

Mkazi anaweza kujionea mwenyewe dukani. Kwenye pakiti za vyakula vingi vilivyotiwa rangi hii huandikwa alama E160b. Inapendwa kwa sababu hutoka kwenye mmea, wakati ambapo wanunuzi wengi duniani wanaziepuka rangi zinazotengenezwa kwa kemikali.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kiwanda hakinunui mbegu kwa ajili ya mbegu, kinanunua rangi. Kiasi cha biksini hutofautiana sana, kuanzia takriban asilimia 1 ya uzito wa mbegu hadi asilimia 4 au zaidi. Gunia la kilo 100 lenye asilimia 3 lina kilo 3 za rangi. Gunia lingine la kilo 100 lenye asilimia 1.5 lina kilo moja na nusu tu. Kwenye mizani ya kituoni magunia hayo mawili ni sawa, lakini kiwandani moja ni nusu ya lingine.

Mahali panapoufaa mrangi

Mrangi hupenda joto na hauvumilii baridi kali. Hustawi kuanzia usawa wa bahari hadi mwinuko wa takriban mita 1,200. Mvua ya milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka huufaa, ingawa mmea uliokwisha kushika mizizi huvumilia kiangazi. Kwa sababu hiyo ukanda wa pwani na maeneo ya karibu na Shimba Hills yanaufaa zaidi kuliko sehemu kame za Kinango.

Mmea huu hauchagui sana udongo. Huota kwenye kichanga na kwenye udongo mzito, mradi maji yasituame. Udongo wenye mboji huzaa zaidi. Jambo la kuzingatia zaidi ni jua. Mrangi uliopandwa chini ya kivuli kizito cha miembe hutoa majani mengi na maua machache.

Faida nyingine ni kwamba mifugo haiyapendi majani yake. Wakulima wengi kwa hiyo huupanda mpakani kama ua hai, na bado wakavuna mbegu.

Kuandaa miche

Mrangi huzaliana kwa mbegu au kwa vipandikizi vya matawi. Njia ya mbegu ni rahisi, lakini ina tatizo moja. Kwa kuwa nyuki hubeba chavua kutoka mmea hadi mmea, watoto hawafanani na mama. Katika miche 50 ya mbegu, mingine itazaa sana na mingine itakuwa ya majani tu. Vipandikizi na miche iliyounganishwa huhifadhi sifa za mmea mama na huwahi kuzaa.

Mkulima anayetumia mbegu na achague mmea mama kwa makini msimu mmoja kabla. Mmea mzuri una vichala vingi, matunda yaliyojaa mbegu, rangi nyekundu iliyokolea na majani yasiyo na ugonjwa. Afunge kitambaa kwenye shina lake ili asiusahau wakati wa mavuno.

Mbegu ziwe za msimu huo. Ziloweshwe kwenye maji usiku kucha, kisha zipandwe kwenye mifuko ya miche iliyojazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Zifunikwe kwa udongo kidogo, zimwagiliwe, na ziwekewe kivuli chepesi cha makuti. Huanza kuchipuka kati ya wiki moja na tatu. Miche ikifika kimo cha sentimita 25 hadi 30, kivuli kipunguzwe pole pole ili izoee jua.

Kwa wakazi wa pwani, kusia mbegu mwezi wa Januari au mapema Februari huifanya miche iwe tayari masika yanapoanza. Anayechelewa hadi Aprili atakuwa na miche midogo mvua zikiwa zinaisha.

Kupanda shambani

Mashimo yachimbwe kabla ya mvua, yenye upana na kina cha takriban futi moja na nusu. Udongo wa juu utengwe na ule wa chini. Siku ya kupanda, udongo wa juu uchanganywe na ndoo moja ya samadi iliyooza na kurudishwa shimoni kwanza.

Nafasi inayofaa ni mita 4 kwa mita 4, ambayo ni takriban miche 250 kwa ekari moja. Wengine hubananisha wakitumaini mavuno zaidi. Miaka miwili ya kwanza huonekana wamefaulu, lakini matawi yakikutana, jua halifiki ndani, ukungu huingia, na mvunaji hana pa kupita.

Katika miaka hiyo miwili ya mwanzo nafasi iliyo kati ya mistari isilale bure. Kunde, pojo na mahindi hufaa. Mikunde hurutubisha udongo na kuipatia familia chakula wakati mrangi haujaanza kulipa. Muhogo pia hupandwa, lakini uwe mbali na shina la mche ili mizizi isigombanie maji.

Palizi ifanywe mara kwa mara mwaka wa kwanza. Duara la mita moja kuzunguka shina libaki safi na lifunikwe kwa nyasi kavu, bila nyasi hizo kugusa shina. Jembe lisichimbe kwa kina karibu na mmea, kwa maana mizizi ya kulishia iko juu juu.

Mavuno ya kwanza huweza kupatikana kuanzia mwaka wa pili au wa tatu. Mmea unaotunzwa huendelea kuzaa kwa miaka mingi.

Kupogoa: kazi inayosahaulika

Mrangi huchanua kwenye ncha za matawi machanga. Ukiujua ukweli huu mmoja, utaelewa kwa nini mirangi mingi mirefu huzaa kidogo. Tawi lisilokatwa hurefuka na kubaki na ncha moja. Tawi lililokatwa hutoa machipukizi kadhaa, na kila chipukizi ni ncha mpya ya maua.

Mche ukifika takriban sentimita 60, ncha yake ikatwe ili utoe matawi ya pembeni. Kuanzia hapo, kila baada ya mavuno makubwa, matawi yapunguzwe ili mmea usizidi kimo ambacho mtu aliyesimama chini anaweza kukifikia. Matawi makavu, yaliyovunjika na yanayokwenda ndani yaondolewe. Mkasi au msumeno uwe mkali. Panga butu huchana gome na kuacha kidonda kinachoingiza magonjwa.

Kupogoa kufanywe kabla ya mvua ili machipukizi yakute unyevu. Matawi yaliyokatwa hayatupwi. Makubwa huwa kuni, na madogo hurudishwa shambani kama matandazo.

Wadudu na magonjwa

Mrangi hausumbuliwi sana, lakini hauko salama kabisa. Ugonjwa wa kuangaliwa ni ukungu mweupe unaofanana na unga, ambao hushika majani machanga, maua na matunda madogo. Huenea zaidi pale mimea ilipobanana. Dawa ya kwanza ni hewa na jua, yaani kupogoa na kuacha nafasi ya kutosha.

Kuna pia wadudu wafyonzaji ambao wakulima wa mikorosho wanawafahamu. Hufyonza machipukizi na matunda machanga hadi yakawa na madoa meusi na kukauka. Adui wao mkubwa ni chungu wekundu wanaojulikana kama maji moto. Mvunaji huwachukia kwa sababu wanauma, lakini mkulima anayewateketeza wote huwafungulia mlango wafyonzaji. Mrangi wenyewe hutoa utomvu mtamu unaowavuta sisimizi, nao kwa kuzunguka mmea huwafukuza wadudu walao majani na matunda.

Ikibidi kutumia dawa, iwe ile iliyosajiliwa humu nchini, kwa kipimo kilichoandikwa, na baada ya kumwonyesha afisa wa kilimo wa wadi jani au tunda lililoathirika. Kupulizia dawa karibu na siku ya kuvuna ni hatari maradufu, kwa sababu rangi hii inakwenda kwenye chakula, na mzigo wenye mabaki ya dawa unaweza kukataliwa na wanunuzi wa nje.

Kuvuna kwa wakati

Tangu ua kunyauka hadi tunda kukomaa hupita takriban miezi miwili hadi mitatu. Dalili ya kukomaa ni tunda kugeuka kahawia, miiba kukauka, na baadhi ya matunda ya kichala kuanza kupasuka. Hapo kichala kizima hukatwa kwa mkasi au kisu.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuvuna mapema, hasa pale mkulima anapoogopa wizi au anapohitaji pesa haraka. Mbegu changa ni nyepesi na hujikunja zikikauka; mkulima hupoteza uzito na rangi kwa pamoja. La pili ni kuchelewa. Tunda lililopasuka likiachwa juu ya mti, jua huichoma rangi, mvua huiosha, na mbegu zilizobaki huota ukungu.

Matunda hayakomai yote kwa siku moja. Kwa hiyo shamba lipitiwe zaidi ya mara moja katika msimu, na kila mara yachukuliwe yaliyo tayari peke yake.

Kukausha na kupura

Hapa ndipo rangi nyingi ya wakulima inapopotelea. Biksini haipendi mambo matatu: mwanga mkali, joto kali na unyevu. Mkulima aliyefanya kazi nzuri kwa mwaka mzima anaweza kupoteza sehemu kubwa ya mali yake kwa siku chache za uzembe uwanjani.

Hatua zinazofaa ni hizi:

1. Matunda yakiwa bado na maganda yake yaanikwe kwenye turubai au mkeka safi, kamwe yasiwekwe juu ya mchanga au kando ya barabara. Ganda huikinga mbegu, kwa hiyo jua la siku chache halina madhara makubwa wakati huu. Yageuzwe kila siku na kufunikwa usiku na mvua ikinyesha.

2. Matunda yakikauka na kufunguka yenyewe, yatiwe kwenye gunia na kupigwa taratibu kwa fimbo. Kazi hii haihitaji nguvu nyingi. Kila pigo la ziada husugua ngozi ya mbegu, na vumbi jekundu linalobaki kwenye gunia ni pesa iliyomwagika. Anayepura afunike pua na mdomo kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi la miiba.

3. Mbegu zichekechwe na kupepetwa kwa ungo ili kuondoa maganda, vijiti na mchanga.

4. Mbegu zikiwa wazi, zikaushwe kivulini penye hewa, zikiwa zimetandazwa kwa unene mdogo. Zisirudishwe juani. Ziko tayari unyevu ukifika takriban asilimia 10. Asiye na kipimo azikamate kiganjani na kuzifumbata. Zikiachia na kutawanyika bila kushikana, na zikiwa ngumu kwa meno, zimekauka.

Wapo wanaomwagia mbegu maji kabla ya kuzipeleka kituoni, au kuchanganya mchanga, ili mizani ipande. Mbegu zenye maji huota ukungu ndani ya gunia kabla ya kufika kiwandani, na mzigo mmoja mbovu huharibu sifa ya kituo kizima. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Kuhifadhi

Mbegu zitiwe kwenye magunia safi na makavu yanayopitisha hewa, na yasiwe yalibeba mbolea au dawa. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ndani ya chumba chenye giza kisichovuja. Chumba chenye bati tupu bila dari huwa kama tanuri mchana; kama hakuna kingine, magunia yawekwe upande wenye baridi na yafunikwe.

Hata zikihifadhiwa vizuri, mbegu hupoteza rangi kadiri miezi inavyopita. Mkulima anayezificha mwaka mzima akisubiri bei ipande anapaswa kujua kwamba mali anayoisubirisha inapungua thamani kila mwezi.

Mfano wa majirani wawili

Chukua mfano wa majirani wawili wa Dzombo, kila mmoja akiwa na ekari moja na mirangi 250. Kama kila mrangi ukitoa kilo moja ya mbegu kavu, kila mmoja ana kilo 250.

Jirani wa kwanza alivuna yaliyokomaa, akapura taratibu na kukausha kivulini. Mbegu zake zina asilimia 3 ya rangi, yaani kilo 7.5. Jirani wa pili alivuna kwa siku moja, mabichi na makavu pamoja, akaanika mbegu wazi juani kwa wiki. Zake zina asilimia 1.5, yaani kilo 3.75.

Mnunuzi wa kijijani akilipa kwa kilo bila kupima rangi, wote wawili watapokea pesa sawa, na jirani wa kwanza atajiuliza alijisumbua kwa nini. Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba mnunuzi huyo haoni majirani wawili. Anaona lori moja lenye mbegu za wote, na kiwanda humlipa kulingana na rangi ya lori zima. Msimu unaofuata bei anayowaletea wote inatokana na wastani huo. Mkulima mzuri aliye peke yake hana namna ya kulipwa kwa uzuri wake. Wakulima wazuri 50 waliojaza lori lao wenyewe wanayo.

Kuuza kwa pamoja

Bei ya bixa hupanda na kushuka kwa kufuata soko la dunia. Mavuno yakiwa mengi Amerika ya Kusini, mkulima wa Kikoneni huona tofauti mfukoni. Jambo hilo hakuna anayeweza kulizuia kutoka kijijini. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwa wakulima.

La kwanza ni kuungana. Kikundi kilichosajiliwa au chama cha ushirika kinaweza kukusanya mzigo mkubwa, kuomba sampuli ipimwe rangi, na kuzungumza bei kwa kutumia matokeo hayo.

La pili ni mkataba wa maandishi. Kabla ya kupanda ekari mpya, mkulima amuulize mnunuzi atanunua kiasi gani, kwa kigezo gani cha ubora, na atalipa baada ya siku ngapi. Ahadi ya mdomo wakati wa kupanda haina mashahidi wakati wa kuvuna.

La tatu ni mizani. Mkulima ana haki ya kuona mizani ikianzia sifuri na kupewa risiti yenye uzito na bei. Mizani ya biashara inatakiwa kuwa na muhuri wa ukaguzi wa vipimo.

La nne ni kutotegemea zao moja. Wakazi wa Msambweni wanakumbuka hali ilivyokuwa baada ya kiwanda cha sukari cha Ramisi kufungwa mwaka 1988. Waliokuwa na miwa peke yake waliumia kuliko waliokuwa na minazi, mikorosho na mihogo kando. Mrangi ni mwenza mzuri wa mazao hayo, si mbadala wake. Sehemu ya chakula cha familia ibaki kuwa ya chakula.

Kabla ya kuchukua shoka

Mkulima mwenye mirangi mizee isiyozaa anayo njia ya kati kabla ya kuing'oa. Mrangi huchipua vizuri ukikatwa. Shina likatwe kwa msumeno kwenye kimo cha kiuno au chini yake, muda mfupi kabla ya mvua. Machipukizi yakitoka, yaachwe matatu au manne yenye nguvu yaliyotazama pande tofauti, na mengine yaondolewe. Samadi iwekwe kuzunguka shina. Wakati huo shamba lina jua, na kunde au pojo zinaweza kupandwa kati ya mistari kama siku za mwanzo.

Si lazima kukata shamba zima. Anayetaka kujaribu akate mistari miwili, aihesabu mimea, na msimu wa mavuno apime mbegu za mistari hiyo kando na mingine. Aandike kwenye daftari. Kama mistari iliyokatwa haileti tofauti yenye maana, basi ang'oe akiwa na hesabu mkononi. Kama inaleta, atakuwa ameokoa miaka miwili au mitatu ya kusubiri mche mpya.

Mmea wenye kasoro tangu awali, usiozaa hata ukiwa na jua na nafasi, hauna sababu ya kubakishwa. Nafasi yake ipewe mche uliotoka kwenye mama aliyechaguliwa.

Maswali ya vikundi

Vikundi vya wakulima vinaweza kulijadili somo hili katika mikutano yao kwa maswali yafuatayo:

1. Katika mashamba yetu, ni mirangi mingapi isiyofikika kwa mkono kutoka chini, na ni lini mara ya mwisho ilipogolewa?

2. Mbegu zetu hukaushwa wapi baada ya kupurwa: juani au kivulini?

3. Ni nani kati yetu mwenye mmea unaozaa kuliko yote, na je, tunaweza kuchukua vipandikizi kwake?

4. Kama kikundi kingekusanya mzigo wa msimu mmoja, ungefikia kilo ngapi, na nani angeusimamia?

5. Je, mnunuzi wetu amewahi kutuonyesha kipimo cha rangi ya mbegu zetu?

Majibu yaandikwe na kupelekwa kwa afisa wa kilimo wa wadi, ambaye atasaidia kupanga mafunzo ya kupogoa na kukausha. Masuala ya usajili wa vyama yapelekwe katika ofisi ya ushirika ya kaunti. Masika yakikaribia, msumeno na daftari ndivyo vifaa vya kwanza anavyohitaji mwenye mirangi.